Barua Yangu Ndiyo Iliyomkosesha Binti Yangu Bima

Kampuni ya bima ilikataa kulipia upasuaji wa taya la binti yangu, na sababu ya kukataa niliwapa mimi. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaitia sahihi, nikaipeleka mwenyewe hadi ofisini kwao mjini Bungoma. Hakuna aliyenidanganya. Nayaeleza haya kwa sababu hapa Kanduyi nawajua wazazi wengine wenye watoto wa hali hiyohiyo, na ninawasikia wakipanga mambo kwa njia ileile niliyoifuata mimi.

Binti yangu hakuzaliwa hivyo. Taya la chini lilianza kutangulia alipokaribia kubalehe, na kila mwaka likazidi. Mamake aliliona kabla yangu. Mimi nikasema ni la ukoo, kwa kuwa marehemu shangazi yangu alikuwa nalo, na kweli hali hii hurithiwa. Kufikia kidato cha tatu meno yake ya chini yalikuwa yamekaa mbele ya yale ya juu kwa milimita sita. Alipouma, ya mbele hayakukutana kabisa.

Nilichokiona mimi ni uso. Nilimwona akifunika mdomo akicheka. Nilimwona akisimama nyuma ya wenzake kwenye picha za shule. Nilitaka hayo yaishe, na sikutazama zaidi ya hapo.

Daktari wa meno wa hapa Bungoma alitutuma Eldoret, na huko tukaelezwa kwamba kazi ni mbili zinazofanywa kwa pamoja. Kwanza meno hufungwa waya, mwaka mmoja au mmoja na nusu. Kisha, taya likiwa limeacha kukua, mpasuaji hukata mfupa, huusogeza mahali pake na kuushikilia kwa vibati na skrubu za titaniamu. Kisha daktari wa huko akaongeza jambo ambalo nililisikia bila kulielewa: kabla ya upasuaji, mdomo utaonekana vibaya kuliko sasa. Taya likitangulia, meno ya chini hulalia nyuma polepole yakijaribu kuyafikia ya juu, na hivyo huficha sehemu ya kasoro ya mfupa. Waya huyasimamisha wima. Pengo huongezeka, na halizibiki mpaka mfupa usogezwe. "Kwa hiyo mzee, ukianza, lazima umalize," daktari aliniambia. Nikaitikia kwa kichwa.

Sikuwa na wasiwasi wa pesa, na nieleze kwa nini. Nafanya kazi kwenye chama cha ushirika, na mwajiri ametuwekea bima ya kundi. Mwenzangu mmoja aligongwa akiwa kwenye boda boda pale njia panda ya Kanduyi, taya likavunjika mara mbili, na bima ikalipa kila kitu, vibati vikiwemo. Nikajiambia taya ni taya. Nikapiga simu kwa kampuni ya bima nikauliza swali moja tu: mnalipia upasuaji wa taya? Binti aliyepokea simu akasema ndiyo, ilmradi matibabu yawe yanaruhusiwa na mkataba na idhini ya awali iwe imetolewa. Nikashika ile ndiyo. Yaliyoifuata sikuyafuatilia. Waya nililipia mwenyewe, kwa kuwa kiwango cha meno kwenye bima yetu ni kidogo, nikiamini kwamba mzigo mkubwa una mwenyewe.

Waya ukafungwa. Idhini ilikuwa haijaombwa.

Wakati wa kuiomba ulipofika, kampuni ilitaka ripoti ya daktari na fomu. Ripoti ilikuwa ya mistari michache. Niliiona ni kavu mno, haina uchungu wowote, nikaona nisiiache iende peke yake. Nikakaa mezani usiku nikaandika barua ya kurasa mbili. Nilieleza jinsi wenzake wanavyomcheka. Nilieleza jinsi anavyokwepa picha. Niliandika kwamba ni msichana, kwamba kesho atatafuta kazi na mume, na kwamba naomba apewe uso kama wa wengine. Nilidhani naigusa mioyo ya watu. Kuhusu kula, kuhusu maumivu, kuhusu usingizi, sikuandika hata sentensi moja. Sikuwa nimemuuliza.

Jibu lilikuja kupitia ofisi ya wafanyakazi, likiwa limeambatanishwa na nakala ya barua yangu. Matibabu yenye lengo la kubadili sura hayamo kwenye mkataba, isipokuwa pale jeraha linapotokana na ajali. Kama mzazi alivyoeleza, ombi hili ni la sura. Basi. Afisa wetu akanifungulia kijitabu cha bima kwenye ukurasa wa mambo yasiyolipiwa, na kifungu kikawa pale, wazi. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mwenzangu alilipiwa. Kijitabu kama hicho kilikuwa kwenye droo yangu tangu nilipoajiriwa.

Nilitoka pale nikiwa na hasira na kampuni. Nilikaa na hasira hiyo kwa majuma kadhaa, na majuma hayo yalinigharimu, kama nitakavyoeleza.

Ilikuwa Agosti 2024, mahindi mabichi yamejaa kila mahali. Jioni moja mama watoto alichoma mahindi, akampa kila mtu hindi lake. Binti yangu alichukua lake akaingia jikoni, akarudi na kisu na sahani. Akaanza kuparua punje, mstari kwa mstari, kwa ustadi wa mtu aliyezoea. Kisha akawa anazichota kidogo kidogo na kuzisukuma kwa kidole hadi kwenye magego. Nilimtazama kwa muda. Nikamuuliza kwa nini haumi.

"Baba, mimi siumi kitu na meno ya mbele," akasema. "Nyama namezaga tu."

Nikamuuliza tangu lini.

"Tangu darasa la saba."

Mamake hakushangaa. Ndugu zake hawakushangaa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa akimkatia miwa vipande vidogo miaka yote hiyo. Nilikuwa nimekula naye meza moja, na nilikuwa nimewaandikia watu wa bima kurasa mbili kuhusu mdomo wake, bila kujua kwamba haufanyi kazi. Walichohitaji kuambiwa kilikuwa kikitendeka mbele yangu kila jioni. Hasira yangu kwa kampuni ikaisha palepale. Walikuwa wamesoma nilichoandika.

Tulirudi Eldoret, mara hii kwa mpasuaji wa kinywa na taya. Alimuuliza maswali ambayo mimi sikuwahi kumuuliza: unatafuna kwa meno yapi? Unasikia maumivu mbele ya masikio ukifungua mdomo? Unaamka na koo kavu? Kwa yote alikuwa na majibu. Magego yaliyokutana yalikuwa jozi mbili tu. Maungo ya taya yalikuwa yakimuuma kila akitafuna kitu kigumu. Daktari aliunganisha vielelezo vya plasta vya meno yake juu ya meza, ya juu na ya chini, na kati ya meno ya mbele kidole changu kikapita.

Kisha akaandika barua. Ndani yake hakuna neno uso. Kuna milimita, kuna picha za eksirei zilizopimwa pembe, kuna orodha ya vyakula asivyoweza kuuma, kuna idadi ya meno yanayokutana. Alinieleza kwamba hata Marekani, ambako ubishi wa bima na wapasuaji kuhusu upasuaji huu ni wa miaka mingi, chama cha wapasuaji wa kinywa na taya kiliamua kuandika vipimo. Kawaida meno ya juu hutangulia ya chini kwa milimita mbili hivi. Yakitangulia kwa tano au zaidi, au yakiwa sifuri au nyuma, hilo ni tatizo la mfupa linalostahili kuzingatiwa kwa upasuaji. Akaniambia pia kwamba kazi yenyewe si jambo la mitindo ya jana: mbinu ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya mdomo ni ya miaka ya 1950, na ilitokana na kazi ya Hugo Obwegeser, Mwaustria aliyefanya kazi Zurich. Ni upasuaji wa mifupa kama wa mguu uliopinda. Kwamba uso nao hubadilika ni matokeo yake.

Barua hiyo ingetangulia, naamini tungesikilizwa. Ilifika ikiwa imechelewa. Muda wa kuomba uamuzi upitiwe upya ulikuwa umekwisha wakati mimi nimenuna. Barua yangu bado ilikuwa kwenye faili, na waliniuliza, kwa adabu, ipi kati ya hizo mbili ndiyo ya kweli. Halafu Januari 2025 bima ya kundi ikahuishwa. Binti yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, ametimiza miaka 18, hajaingia chuo. Mtegemezi wa umri huo hubaki kwenye bima yetu kwa barua ya shule au chuo tu, na hakuwa na shule. Jina lake likaondolewa. Upasuaji huu husubiri taya liache kukua, na bima ya mtoto hukoma karibu na umri huohuo. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya mapema kwa dakika tano.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, nako sikuwa na la kujitetea. Ilianza kazi Oktoba 2024 ikichukua nafasi ya NHIF, na asilimia 2.75 ya mshahara wangu hukatwa kila mwezi kama kwa kila mwajiriwa. Anayeomba idhini huko ni hospitali. Sikuwahi kuiomba hospitali iniangalizie hata kujua kama kuna chochote.

Malalamiko dhidi ya kampuni za bima hupokelewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na nilifikiria kuyapeleka. Lakini ningelalamika nini? Walifuata mkataba na maneno yangu.

Gharama ni hizi. Shamba letu la Kiminini nimelikodisha kwa mtu kwa misimu mitatu, na nina mkopo wa sacco juu yake. Binti yangu alikaa miezi mingi na mdomo ulioharibika kuliko ule tuliompeleka nao, meno yamepangwa kwa ajili ya taya ambalo lilikuwa halijasogezwa, wakati mimi natafuta pesa. Alichelewa chuo kwa mwaka mzima. Na aliisoma ile barua, kwa kuwa niliiacha mezani pamoja na jibu. Akaniuliza kama hivyo ndivyo ninavyomwona. Nikamwambia nilikosea, nikamwomba msamaha. Amenisamehe, ila swali lile aliliuliza.

Upasuaji ulifanyika mwishoni mwa 2025. Alikunywa uji na supu kwa wiki sita, mfupa ukashika. Sehemu ya mdomo wa chini bado ina ganzi, na daktari alikuwa ametuonya kuhusu hilo kabla.

Wewe uliye na mtoto wa namna hii, kama meno yake hayajafungwa waya, usikubali yafungwe kwanza. Muulize mtoto anavyokula, anavyolala na kinachomuuma, naye mpasuaji aandike hayo pamoja na vipimo. Ya moyoni mwako usiambatanishe. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa na umri ambao mtegemezi huondolewa. Ipe hospitali namba yake ya SHA ikuangalizie. Kisha ngoja idhini iliyoandikwa, yenye jina lake na jina la upasuaji, na hapo ndipo umrudie daktari wa waya.