Uwanja wa nyasi uliogeuka mboga Kibondo

Basi linalotoka Kasulu kwenda Kibondo hupita Makere na kuvuka mto Malagarasi, kisha huendelea kupanda na kushuka kati ya mapori ya miombo. Pembeni mwa barabara kuna nyumba za matofali ya kuchoma, na mbele ya nyingi kuna uwanja mwekundu uliofagiwa ukabaki mtupu. Huku, uwanja safi ni heshima ya mama mwenye nyumba. Wenye uwezo kidogo hupanda ukoka.

Nyumba ya shangazi yangu pale Kibondo niliitambua kwa ukoka huo. Marehemu mumewe aliupanda mwenyewe. Safari hii niliipita nyumba, nikarudi nyuma.

"Shikamoo shangazi. Nyasi zimekwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Tunazila," akajibu akicheka.

Chanzo kilikuwa mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Kwa miezi mitatu, mstari kwenye kadi ya kliniki haukupanda. Muuguzi aliuliza anakula nini. Jibu lilikuwa uji wa muhogo, ugali na mchuzi wa maharage. Mboga za majani? Pesa ikipatikana. Muuguzi akauliza tena: nyumbani hakuna nafasi ya kulima?

"Nafasi ilikuwepo," shangazi aliniambia, "lakini ilikuwa nyasi za marehemu." Ilimchukua miezi miwili kushika jembe. Kipande cha ukubwa wa mkeka mmoja alikiacha mbele ya mlango, na jioni hukaa hapo.

Palipobaki kuna mchicha, mnafu na matembele. Matembele hutambaa yakafunika udongo, hivyo mvua zinazoanza Oktoba au Novemba haziupigi moja kwa moja na kuusomba. Ukingoni, upande wa mteremko, amepanda mchaichai, ambao mizizi yake hushika ardhi. Migomba imekaa panapotiririka maji ya bafuni. Mipapai miwili inatoa kivuli, na alizeti chache huita nyuki, jambo linaloeleweka vizuri katika mji unaojulikana kwa asali.

Zamani, kiangazi kikifika, alimwagilia nyasi maji ya kuchota. Sasa ndoo ileile inalisha mboga, na majani makavu aliyotandaza juu ya udongo hufanya unyevu udumu.

Majirani hawakukosa la kusema. Mmoja alimuuliza kama amechoka kufagia. Mwingine alihofia nyoka, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Ndiyo maana mimea mirefu ameiweka mbali na mlango na madirisha, njia anazipalilia, na mtoto ana sehemu yake wazi ya kuchezea.

Mzazi unayetaka kujaribu, anza na tuta moja. Tumia samadi iliyooza vizuri, si mbichi, na osha mboga kwa maji safi kabla ya kupika. Usiache makopo wala madimbwi yanayotuamisha maji, maana mbu huzaliana humo. Kagua pia ua wako: utomvu wa minyaa hudhuru macho, na mbegu za mbono na mbarika ni sumu kwa mtoto anayeokota kila kitu.

Mtoto akitimiza miezi sita, anahitaji chakula cha nyongeza pamoja na maziwa ya mama. Mboga iliyopikwa na kupondwa, ikitiwa kijiko cha mawese, humpa vitamini A, na mafuta hayo husaidia mwili kuipokea.

Kabla sijaondoka, shangazi alinionyesha kadi. Mstari umeanza kupanda. Sitasema ni bustani peke yake, kwa kuwa siku hizi mtoto hupewa pia yai na dagaa wa kusaga, na pesa ya dagaa hutoka kwenye mafungu ya mchicha yanayouzwa pale mlangoni.

Mteja mmoja ni yule jirani aliyeuliza kuhusu ufagio. Siku ile alikuja kuomba vipando vya matembele.