Jina Juu ya Karatasi

Mwandiko hauna siri kubwa kwa mwalimu. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu nilipitia maandalio ya masomo ya wanachuo kila wiki, na mara nyingi nilimtambua mwenyewe kabla sijafika kwenye jina. Aliyemchania mwenziwe karatasi nilimjua kwa nambari za kurasa zilizoruka. Ndiyo maana kisa cha Sonata ya Pasaka kilinishika sana nilipokisoma, ingawa muziki niliofundisha mimi ulikuwa wa nota za solfa na ubao, bila piano.

Sonata hiyo ya piano ilitungwa mwaka 1828. Hati yake ilionekana Paris mwaka 1970, ikasadikiwa kuwa ni kazi ya Felix Mendelssohn, Mjerumani maarufu wa kipindi cha Kiromantiki, na mwaka 1972 ikarekodiwa kwa jina lake. Lakini Felix alikuwa na dada mkubwa, Fanny, ambaye jina lake nalo huanza kwa F. Mwaka 2010 mtafiti Angela Mace aliishika hati ile akaona mwandiko ni wa Fanny. Tena nambari za kurasa zilijaza pengo lililokuwamo katika daftari lake jingine. Mwaka 2012 ikapigwa Marekani kwa jina la mwenyewe, na tarehe 8 Machi 2017 ikapigwa London.

Fanny alizaliwa Hamburg mwaka 1805. Yeye na mdogo wake walifundishwa na mwalimu mmoja, Carl Friedrich Zelter, wala hakuna aliyedai kwamba msichana alikuwa nyuma. Hata hivyo, mwaka 1820 baba yao alimwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi ya maisha, bali kwake yeye utakuwa pambo tu. Nyimbo zake sita zilichapwa ndani ya vitabu vya Felix, kwa jina la Felix. Mwaka 1842 Malkia Victoria aliuchagua mmojawapo auimbe mbele ya mgeni wake, na Felix, ambaye ndiye aliyekuwa mgeni, ikambidi akiri kwamba aliyeutunga ni dada yake. Tusimpake matope kupita kiasi. Alimpenda dada yake, na alikufa mwaka uleule aliokufa yeye. Ila kumtaka achapishe hakutaka. Mumewe Fanny, mchoraji Wilhelm Hensel, ndiye aliyemhimiza. Alianza kuchapisha vitabu vya tungo zake kwa jina lake mwenyewe mwaka 1846, akiwa na miaka arobaini, na Mei 1847 akafariki dunia Berlin, akiwa katika mazoezi ya mojawapo ya maonyesho ya Jumapili aliyoyafanya nyumbani kwake. Aliacha tungo zaidi ya 450, nyingi zikiwa sandukuni. Vipande vyake vya piano vya miezi kumi na miwili, alivyovitunga mwaka 1841, vilisubiri kuchapwa hadi 1989.

Wapo watu, tena wasomi, wasemao kwamba kazi iliyosahauliwa ilistahili kusahauliwa, kwani muda ni msahihishaji mkali. Mimi nimesahihisha muda mrefu, na najua kwamba msahihishaji hawezi kumpa alama mtu ambaye karatasi yake haikufika mezani. Tena tazama sonata ile. Ilipodhaniwa ni ya mwanamume, watu waliona inafaa kurekodiwa. Ilipojulikana ni ya mwanamke, hakuna nota hata moja iliyobadilika.

Mwenziwe wa Ufaransa, Louise Farrenc, namtaja kwa sababu ya mshahara. Alifundisha piano katika chuo kikuu cha muziki cha Paris tangu 1842, kwa miaka thelathini, na mwanzoni alilipwa chini ya wanaume wa kazi ileile. Mwaka 1850 utungo wake wa ala tisa ukapokewa kwa shangwe. Akadai haki yake, akapewa. (Nimehudhuria vikao vingi vya mishahara ya walimu, sijaona hoja iliyoandikwa vizuri namna hiyo.) Simfonia zake tatu nazo zilikaa kimya miaka mingi baada ya kifo chake mwaka 1875.

Sasa niseme kwa nini haya yananihusu. Chuoni kwetu alikuwapo mkufunzi mwanamke aliyetunga nyimbo za kwaya. Katika mashindano, karatasi ya waamuzi iliandikwa jina la chuo peke yake, na kwaya nyingine zilipozichukua nyimbo zile zikawa za "mtunzi hajulikani". Mwaka jana watoto wake waliniletea daftari lake, wakaniomba nisimtaje kitabuni humu mpaka litakapochapwa. Nyimbo ni ishirini na tatu. Nazinakili upya asubuhi, wakati macho bado yana nguvu. Panya wamekula sauti ya nne ya nyimbo mbili, na mwalimu mmoja wa kwaya ananihimiza niijaze mwenyewe. Nimeacha mstari mtupu.

Taabu yangu iko kwingine. Nyimbo tatu humo zimeandikwa kwa mwandiko wangu: muhula mmoja aliumwa mkono, akawa anaimba nami naandika. Atakayekuja kuchunguza mwandiko, kama yule mtafiti wa Fanny, atanipa mimi nyimbo zisizo zangu. Kwa hiyo juu ya kila moja nimeandika jina lake kamili, na mwaka, na chini yake, kwa herufi ndogo, neno "mnakili" na jina langu.