Palipo Ming'oko

Bibi mmoja wa Newala alikwenda Dar es Salaam kumtazama mwanawe. Kwa heshima, mwana akampeleka kwenye mkahawa wa Kichina. Mama akala kwa adabu, kisha akauliza: "Mwanangu, na sisi watu wa Newala, mji huu tunakula wapi?"

Mwana akanyamaza. Ming'oko haimo katika orodha za mikahawa kama ile. Ni mizizi ya porini. Huko Masasi na Newala wanawake huichimbua kwa jasho na kuichemsha kwa chumvi, na ghala linapokuwa tupu ndiyo inayowavusha watoto. Ndiyo maana huitwa chakula cha njaa, na aliyekwisha kupata mshahara huionea haya.

Kesho yake walikwenda Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa, wanakokaa jamaa wengi wa Kusini. Tangu Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, mizigo ya huko haingoji tena kivuko cha Rufiji. Wakaikuta ming'oko kwenye sinia la mama mmoja, ingali ikitoka mvuke. Mwana akamenya wa kwanza, akampa mamaye. Wa pili akaula mwenyewe, amesimama njiani mchana kweupe, asiangalie nani anamwona.