Kuta Zako, Udongo wa Nani?



Mwezi wa Rajab tulisafiri kwenda Nairobi kufungisha nikahi katika mtaa wa Majengo, Pumwani. Tangu gari moshi la Madaraka lianze kazi mwaka 2017, safari hii imekuwa nyepesi. Anayepanda Miritini asubuhi aweza kuswali Alasiri Nairobi. Tulikwenda kwa ajili ya ndoa, tukarudi na jambo la nyumba. Na kwa kuwa haupiti mwezi bila ya msomaji mmoja kutuuliza juu ya kununua nyumba huko mashamba ya Kilifi au Kwale, tumeona ni haki yenu tuwasimulie.

Mwenyeji wetu ni mwenzetu wa chuoni. Tulisoma juzuu pamoja mbele ya mwalimu mmoja, kisha yeye akapata kazi ya ufundi katika reli na kuhamia Nairobi, sisi tukabaki na vitabu vyetu. Sasa amestaafu. Anaishi Umoja, ghorofa ya nne, katika nyumba ya kupanga aliyoilipia kodi kwa miaka 31. Ukitoka mjini kwa Barabara ya Jogoo unapita Kaloleni, ambayo kwa sisi watu wa pwani jina lake latukumbusha Kaloleni ya Kilifi. Kisha Makongeni, Maringo na Jericho, mitaa ya nyumba za zamani zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi. Yafuata Buruburu, yenye nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, halafu Umoja, ambako nyumba ndogo za mwanzo zimefunikwa na maghorofa hata jua halifiki chini. Maji huletwa kwa mkokoteni, mtungi kwa mtungi. Kila tulipopumzika kwenye ngazi, mwenzetu alitabasamu na kusema, "Vumilia, maalim. Mwaka ujao utanitembelea bila ya kupanda ngazi hata moja."

Baada ya chakula akatuonyesha picha katika simu. Ilikuwa nyumba ya peke yake, haikushikana na ya mtu, katika kijiji kimoja baina ya Mtwapa na Kilifi: vyumba vitatu, baraza mbele, kisima, minazi kumi na miwili na mwembe mkubwa, yote katika nusu ekari. Bei ilikuwa nafuu kuliko tulivyodhani. Dalali alitaka malipo ya kwanza, shilingi laki nane, kabla ya Ijumaa. Fedha hizo zilikuwa sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake. "Nataka uisomee Fatiha," akatuambia, "Mola aitie baraka."

Mke wake alikuwa akitupakulia wala hakusema neno. Tukamwuliza, "Na wewe shemeji, umeionaje?"

Akajibu, "Mimi nimeiona kwenye simu tu, shemeji. Na mwenye kununua ameiona mara moja, saa saba ya mchana, dalali kasimama kando yake."

Twakiri kwamba Fatiha ilikuwa karibu na ulimi. Rafiki wa utotoni ana furaha, na nani apendaye kuivunja? Tukasema tu, "Ngoja kesho tukaozeshe kwanza."

Siku ya pili tukaenda Majengo. Huenda wasomaji wetu wa Mombasa hawajui kwamba Nairobi nayo ilikuwa na kijiji chake kilichoitwa Mombasa. Katika miaka ya mwanzo ya mji ule, watu wa pwani na Waislamu wa makabila mengi walikaa katika vijiji vya Pangani, Mombasa, Maskini na Kaburini. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilitenga Pumwani iwe makazi ya Waafrika, na vijiji hivyo vikaanza kubomolewa. Pangani kilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930. Waliohamishiwa Pumwani waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe, nao wakazijenga kwa ramani ya kwetu: ujia katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma. Lakini ardhi ilibaki kuwa ya baraza la mji.

Nikahi ilifungwa katika nyumba moja ya namna hiyo. Mwenye nyumba ni bibi aliyepita miaka themanini. Baada ya halua na kahawa alituonyesha mlango wa mbele, wa mbao nzito, usiofanana na mabati na udongo ulioushika.

"Mlango huu baba aliung'oa Pangani walipomvunjia, akaubeba mpaka hapa," alisema. "Nyumba hii ni yetu, sheikh, hakuna anayekataa. Ardhi si yetu. Tangu baba yangu twalipia kukaa juu ya udongo wa watu. Wakija kesho na karatasi zao, sisi tuna mlango tu."

Mwenzetu, kwa kutaka kumfurahisha, akamwambia kwamba yeye atarudi pwani, amepata nyumba yake mwenyewe. Bibi akamtazama. "Alhamdulillahi, mwanangu. Kuta umeziona. Udongo ni wa nani?"

"Dalali asema hati ipo."

"Umeisoma?"

"Nimeonyeshwa picha yake."

"Ina jina la nani?"

Mwenzetu akanyamaza, nasi tukainama. Swali lile lilitupasa sisi kuliuliza usiku wa jana, na tulikuwa tumelimeza pamoja na chakula.

Ndugu zetu, jambo hili si geni kwetu. Mombasa tuna mtindo wa tangu zamani wa nyumba bila ardhi: mmoja ana kuta na paa, mwingine ana udongo, na mwenye kuta humlipa mwenye udongo kila mwezi. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya hati za ardhi katika pwani yetu, ikawataka wenye madai wajitokeze kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Wengi waliokuwa wakilima kwa vizazi hawakujitokeza, au hawakupata habari. Ndiyo sababu hadi leo mtu huzaliwa na kuzeekea mahali ambapo hati yake iko katika sanduku la mtu asiyemjua. Tena kwetu mnazi waweza kuwa na mwenyewe, na udongo ulipoota ukawa na mwenyewe mwingine. Anayenunua kwa picha ya simu hayaoni haya yote.

Mwenzetu akamwomba dalali muda wa wiki mbili. Dalali akakasirika, akasema kuna mnunuzi mwingine mwenye fedha taslimu. Usiku ule mwenzetu hakulala. Tulimsikia akitembea sebuleni mpaka Alfajiri. Asubuhi akasema, "Twende." Tukashuka pwani sote watatu, yeye, mke wake na sisi.

Katika ofisi ya ardhi alilipa ada ya kupekua daftari. Hati ilikuwepo kweli, lakini kwa jina la mtu aliyekwisha fariki, baba wa muuzaji. Muuzaji alikuwa mmoja wa watoto sita, na mirathi haijagawanywa. Dada wawili, mmoja aliyeolewa Malindi na mwingine Mombasa, hawakuwa na habari kwamba nyumba ya baba yao iko sokoni.

Tukaenda kuiona nyumba yenyewe. Nyuma ya mwembe kulikuwa na kibanda cha makuti ambacho picha haikukionyesha, na ndani yake bibi mmoja. Dalali alikuwa amemwambia mwenzetu kwamba huyo ni mlinzi. Tulipomsalimu na kukaa naye, alitueleza kwamba aliletwa hapo akiwa biarusi, na kwamba katika ile minazi kumi na miwili, saba ilipandwa na marehemu mumewe, kwa idhini ya mwenye shamba. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alitupa madafu, akakataa malipo.

Njiani mke wa mwenzetu alisema, "Nyumba nimeipenda. Lakini siwezi kuamka kila asubuhi nikatazamana na bibi yule." Mumewe hakumjibu, lakini jioni ile alimpigia dalali simu, akamwambia hatatoa hata shilingi mpaka warithi wote wakae pamoja.

Basi twawausia wenye nia kama yake. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imekuja kutufunza kuandika na kuweka mashahidi. Kuchunguza mali si kumdhania mtu vibaya. Pekueni daftari wenyewe, msikubali picha. Chukueni mpimaji awaonyeshe mawe ya mipaka. Wekeni wakili wenu, asiwe wa muuzaji. Ikiwa ardhi imehesabiwa kuwa ya kilimo, ni lazima ombi la idhini lipelekwe kwa bodi ya ardhi katika muda wa miezi sita tangu mapatano. Bila ya idhini hiyo mauzo hayana nguvu. Katika hesabu yenu msisahau ushuru wa stempu, asilimia 4 mijini na asilimia 2 nje ya miji. Ikiwa mwenye hati amefariki, mirathi ithibitishwe kwanza mahakamani, nasi Waislamu tuna kadhi wa kutugawia. Hakikisheni mke au mume wa muuzaji ameridhia. Kisha nendeni bila ya dalali, wakati wa jioni: onjeni maji ya kisima kama yana chumvi, ulizeni makaburi yako wapi, ulizeni minazi ni ya nani, na kaeni na jirani kabla ya kukaa na muuzaji.

Sisi pia tuna la kutubia. Tumekwisha somea Fatiha mauzo mengi katika umri wetu, na mara chache tumeuliza kama dada wa muuzaji wana habari. Dua haigeuzi haki ya mtu kuwa yako. Tangu safari hii, anayetujia na uki na ubani ili tubariki nyumba twamwomba kwanza atuonyeshe jina lililo katika hati.

Mwenzetu bado yuko Umoja, ghorofa ya nne, na fedha zake ziko salama. Warithi sita wamekwisha kutana mara moja mbele ya kadhi, na wale dada wawili walikuwepo. Huenda wakamwuzia, huenda wasimwuzie. Ametuambia kwamba wakimwuzia, minazi saba itabaki kuwa ya bibi na njia ya kwenda kibandani haitafungwa, nalo litaandikwa.

Mwenyezi Mungu atupe makazi ya halali, atukinge na kula haki za mayatima na wajane, na awahurumie waliobeba milango yao vichwani. Amin. Wabillahi tawfiq.