Usiku Ulirudi Mwisho



Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea duniani, milango mingi ilifungwa katika majuma machache, lakini haikufunguliwa yote siku moja. Kila mlango ulikuwa na zamu yake, na zamu hizo zina funzo ndani yake. Yaliyoruhusiwa mapema ni yale ambayo watu wanaweza kuyafanya wakiwa wametengana. Yaliyongoja mpaka mwisho ni yale yasiyowezekana bila kukaribiana. Leo napenda tutazame mlango mmoja ambao pengine hamkuufikiria kamwe: fataki za usiku katika bustani kubwa za burudani za Ulaya na Marekani.

Mimi ni mzaliwa wa Goma, na kwa miaka mingi sasa ninaishi upande wa mashariki wa Paris. Si mbali na kwetu, huko Marne-la-Vallée, iko Disneyland Paris, iliyofunguliwa tarehe 12 Aprili 1992. Ndani yake mna barabara iliyojengwa kwa mtindo wa miji ya zamani ya Marekani, na mwisho wa barabara hiyo inasimama ngome ya rangi ya waridi. Kabla ya Korona, usiku bustani ilipokaribia kufungwa, maelfu ya watu walikusanyika mbele ya ngome. Muziki ulipigwa, picha zikamulikwa juu ya kuta, maji yakarushwa, na fataki zikapasuka angani. Onyesho hilo, lililoitwa Disney Illuminations, lilianza mwaka 2017, bustani ilipotimiza miaka 25.

Mnamo Machi 2020 yote yalinyamaza. Bustani ilifunguliwa tena tarehe 15 Julai 2020, bila fataki. Mwisho wa Oktoba ikafungwa kwa mara ya pili, na haikufunguliwa hadi tarehe 17 Juni 2021. Hapo watu walipanda mitambo, wakala, wakapiga picha. Lakini jua lilipozama hapakuwa na fataki za kungojea, na ngome yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa ajili ya matengenezo. Fataki zilirudi Desemba 2021, baada ya miezi 21.

Huko Marekani mambo yalikwenda kwa namna hiyohiyo. Magic Kingdom ya Florida ilifungwa katikati ya Machi 2020, ikafunguliwa tarehe 11 Julai mwaka huo. Fataki zake zilikaa kimya karibu mwaka mmoja zaidi, hadi tarehe 1 Julai 2021. Disneyland ya California ilifunguliwa tarehe 30 Aprili 2021, na fataki zikafuata tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa nchi hiyo. Mambo mengine ya usiku yalisubiri zaidi. Gwaride la taa la California lilirudi Aprili 2022, na sherehe za usiku za msimu wa Halloween huko Magic Kingdom zilirudi katika sura yake ya kawaida Agosti 2022.

Kwa nini mchana ulitangulia na usiku ukachelewa? Fataki hurushwa mbali na watu, wala moshi wake haukubeba ugonjwa. Sababu ni kwamba shughuli za mchana zinaweza kugawanywa. Kiti kimoja kinajazwa, kinachofuata kinaachwa wazi. Alama zinachorwa chini, na kila familia inasimama kwenye alama yake. Wageni wanatawanyika pande zote za bustani. Fataki hufanya kinyume. Huwaita watu wote kwa saa moja, mahali pamoja, nyuso zikielekea upande mmoja. Mtoto anapandishwa mabegani, mzee anasogezwa mbele, mgeni anamwegemea mgeni. Ndiyo maana hata jiji la Paris lilifuta fataki zake za Champs-Élysées za kuukaribisha mwaka 2022: umati ndio uliogopwa. Kilichokatazwa muda wote huo kilikuwa bega la jirani.

Najua kijana wa Goma, Bukavu au Kalemie anaweza kuuliza: hayo yanatuhusu nini? Bei ya kuingia katika bustani hizo ni kubwa hata kwa wengi wanaoishi Ufaransa, na fataki ni baruti inayochomwa kwa dakika chache na kwisha. Swali hilo ni la haki. Sisemi kwamba tunahitaji ngome ya waridi kando ya Ziwa Kivu. Lakini kumbukeni kwamba usiku wetu nao ulifungwa. Tangu tarehe 18 Desemba 2020, katika Kongo nzima, hakuna aliyeruhusiwa kutoka nje kuanzia saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja za alfajiri, na Misa ya usiku wa manane wa Noeli haikuwezekana. Miezi minane kabla yake, Kesha la Pasaka, ambalo huanza kwa moto unaowashwa gizani na mwanga unaopitishwa kutoka mshumaa hadi mshumaa, liliadhimishwa katika nchi nyingi bila waamini kukusanyika.

Na kuna usiku mwingine tuliopokonywa, ambao hausemwi sana: usiku wa matanga.

Mjomba wangu alifariki Aprili 2020 katika hospitali moja ya viungani mwa Paris. Tulimzika tukiwa wachache, kila mtu amesimama mbali na mwenzake, na mambo yote yakaisha kwa muda mfupi. Ninyi mnajua kilio chetu kilivyo. Watu hukaa usiku kucha, moto huwashwa uani, mmoja huanza wimbo, mwingine husimulia ukaidi wa marehemu na mizaha yake, hata kicheko kikachanganyika na machozi. Sisi hatukupata hata usiku mmoja wa namna hiyo. Mama yangu, aliye dada mkubwa wa marehemu, alirudi nyumbani, akakunja kitambaa chake cha kichwa, akanyamaza. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu hakulitaja jina la ndugu yake.

Mama alikuwa na mzigo mwingine pia. Aliishi Goma katika miaka ya vita, na kwake mlio wa usiku una maana moja tu. Kila tarehe 14 Julai, Ufaransa inaposherehekea sikukuu ya taifa kwa fataki, yeye hufunga madirisha na kukaa katika chumba cha ndani. Kisha, jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka. Dada zangu walitutumia picha za anga la Goma likiwa jekundu, kabla ya kukimbilia Gisenyi na watoto migongoni. Mama alizitazama picha zile mara moja, akairudisha simu.

Kwa hiyo, watoto wangu walipoomba Desemba ile twende kuona fataki zilizorudi, sikutegemea kwamba Mama angefuatana nasi. Alisema tu: «Nitakuja, mwanangu. Nimechoka kukaa ndani.»

Tulisimama katikati ya umati. Mlangoni tulikuwa tumekaguliwa vyeti vya afya, wengi walikuwa wamefunika pua na mdomo, na aina mpya ya ugonjwa, Omikroni, ilikuwa ikienea. Hofu ilikuwa bado haijaisha. Fataki ya kwanza ilipopasuka Mama alishtuka, akarudi nyuma, akamgonga mwanamke asiyemjua. Mwanamke yule hakujitenga, kama sote tulivyokuwa tumejizoeza kufanya. Aliushika mkono wa Mama, akaupitisha chini ya mkono wake, akaendelea kutazama juu.

Binti yangu akasema: «Koko, tazama. Taa inakuja kwanza, halafu mlio.»

Alisema kweli. Mwanga husafiri upesi kuliko sauti, hivyo aliyesimama mbali huliona ua la moto kabla ya kusikia kishindo chake. Katika miaka ya vita Mama alikuwa akisikia mlio gizani, bila kujua unatoka wapi wala unamwelekea nani. Hapa kila mlio ulitanguliwa na ishara yake. Akaanza kuhesabu polepole kati ya mwanga na sauti, na kufikia katikati ya onyesho hakushtuka tena. Mkono wake ulibaki kwa mgeni yule hadi mwisho. Kisha wakaagana kwa kuinamisha vichwa, bila kuulizana majina.

Tulipokuwa ndani ya treni, Mama alianza kusimulia. Alitueleza jinsi mjomba, akiwa kijana mdogo, alivyosafirisha mbuzi kwa mtumbwi, mbuzi akaogopa maji, na wote wawili wakaishia ziwani. Na jinsi alivyoapa mbele ya baba yao kwamba mbuzi ndiye aliyekuwa akipiga kasia. Alisimulia hadi kituo chetu, na nyumbani akaendelea hadi usiku wa manane. Watoto walicheka sana. Mimi nilikaa kimya, nikitambua kwamba hatimaye tulikuwa matangani.

Sisemi kwamba fataki zilimponya. Tarehe 14 Julai iliyofuata alifunga madirisha kama kawaida. Nasema kwamba yako mambo ambayo moyo hauwezi kuyatimiza peke yake. Unahitaji giza kidogo, moto kidogo, na watu karibu. Ndiyo sababu mambo hayo yalikuwa ya mwisho kurudi, na ndiyo sababu kurudi kwake hakukuwa jambo dogo.

Tusisahau pia wale ambao usiku ndio mkate wao. Nyuma ya dakika chache za mwanga wako mafundi wa baruti, wa taa na wa sauti, wapishi, madereva, na wafagiaji wanaobaki wageni wakishaondoka. Umati usipokusanyika, wengi wao hukosa kazi. Septemba 2020 kampuni ya Disney ilitangaza kuwaachisha kazi watu 28,000 nchini Marekani, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa muda. Kwetu ilikuwa vivyo hivyo kwa mpiga ngoma wa arusi, kwa mama mwenye kuuza maandazi penye mkesha, kwa kijana mwenye kukodisha viti na spika. Wapo waliodhani kwamba furaha ya pamoja ni kitu cha ziada. Watu hao wangeweza kuwaeleza iligharimu kiasi gani ilipokosekana.

Vijana wapenzi, nanyi mnao usiku wenu: mazoezi ya kwaya, mikesha, michezo ya kuigiza, kilio cha jirani. Mnapokusanyika, tazameni ni nani anayeshtuka wakati wengine wanafurahi, mkampe mkono bila kumuuliza maswali mengi. Tazameni pia ni nani hayupo, na kwa nini hayupo.

Tena nina ombi moja. Katika kila mtaa iko familia iliyozika mtu wake katika miaka ile bila matanga. Zungumzeni katika kikundi chenu mzitaje familia hizo. Chagueni moja, mwombe ruhusa, mwende jioni. Pelekeni kuni, chai na sukari. Ketini karibu na moto, halafu mwombe mwenye nyumba awasimulie marehemu wake alikuwa mtu wa namna gani.