Faili Iliyonidanganya

Umewahi kulala njaa kwa ajili ya faili? Mimi karibu nilale. Mjomba alituletea kompyuta kuukuu isiyowaka vizuri, nami nikaapa kuitilia Ubuntu 24.04, ile iliyotolewa Aprili 2024. Faili yake ni karibu gigabaiti 6. Pesa zangu za chakula cha mchana, ambazo Mama huzipata kwa kuchuma muguka, zikaishia kwa bando.

Nilipakua usiku kwa laptopu ya binamu, mvua ikinyesha hapa Siakago na mtandao ukikatika kila mara. Alfajiri ikaandika "tayari". Nilifurahi ghaya ya kufurahi! Nikaiweka kwenye flashi, nikaanza. Ikafika katikati, ikakwama. Nikarudia, ikakwama palepale. Nikamwambia Mama kompyuta ya mjomba imekufa. Alinyamaza tu.

Mwalimu wa kompyuta aliponiona nimeshika tama aliniuliza, "Kijana, ulilinganisha namba?"

"Namba gani, mwalimu?"

Kumbe faili hiyo ina alama yake ya SHA256, herufi na tarakimu 64, na wenye Ubuntu huitangaza. Baiti moja tu ikiharibika, alama hubadilika. Yangu ilikuwa nyingine kabisa. Maskini kompyuta, nilikuwa nimeisingizia!

Bando lilikuwa limeisha. Mwalimu akaiingiza faili ileile katika torenti, ambayo huikagua kipande kwa kipande na kupakua upya vilivyo vibovu tu. Vilikuwa vichache.

Jioni kompyuta iliwaka, Mama akaja kuitazama, kikapu bado kiko mkononi. Mpaka leo hajui nilikula nini mchana wiki ile. Labda atasoma hapa.