Majani Thelathini ya Karatasi

Wasomaji wa jarida hili wengi ni walimu, nao watakubali kwamba hakuna aibu impatayo mwalimu wa lugha kama ile ya kusahihishwa na mama yake mzazi asiyejua kusoma. Aibu hiyo ilitufika Oktoba 2022 katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan, Marekani. Huko ndiko dada yetu na wanawe walikohamia wakitokea makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na mama yetu yuko pamoja nao. Aliugua, nasi tukaomba ruhusa kazini tukaenda kumtazama kwa wiki tano.

Tulimkuta amepata nafuu, lakini amekuwa mtu wa kimya. Kutwa alikaa dirishani akitazama miti. Mjukuu wake wa mwisho, binti wa miaka minane, akirudi shuleni husema, "Shikamoo, Bibi," naye huitikia, "Marahaba." Hapo maneno ya wawili hao huwa yamekwisha. Mtoto amekulia katika Kiingereza, na bibi hakijui.

Wiki hiyo mtoto alitaka kutengeneza pambo la kuhesabia siku. Watu wa huko hupenda kuingoja sikukuu kwa namna hiyo. Hukata karatasi ngumu za rangi kwa umbo la majani, kila jani likaandikwa namba na jambo la kufanywa na jamaa nzima siku hiyo, kisha hubanwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kila jioni jani moja huondolewa. Sisi tulihesabu siku 30, tangu tarehe 26 Oktoba hadi tarehe 24 Novemba, iliyokuwa Sikukuu ya Shukrani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi huo. Majani yalitaja kuchuma matufaha, kuchonga boga, kukusanya majani kwa reki, kurudisha saa nyuma, kuoka mkate wa boga, na mengineyo.

Tulishauri kwamba upande wa pili wa kila jani uandikwe Kiswahili, mtoto amsomee bibi yake. Shauri likakubaliwa. Juu ya kamba ilitakiwa anwani, nasi bila kusita tukaandika kwa herufi kubwa: VULI. Ndivyo vitabu kadhaa vinavyotafsiri jina la majira hayo.

Mama aliposomewa aliuliza, "Vuli ndiyo nini?" Tukamweleza kwamba ni mvua ndogo za upande wa pwani, baina ya Oktoba na Desemba. Akageuka dirishani, akatazama majani makavu yakipeperuka barabarani. "Na mvua i wapi?"

Hatukuwa na jibu. Katika nchi zile za kaskazini, baada ya usiku na mchana kulingana mnamo tarehe 22 au 23 Septemba, mchana huzidi kuwa mfupi. Mti huacha kutengeneza rangi ya kijani. Umanjano uliokuwa umefichika humo huonekana, na miti kama mepo huongeza wekundu wake. Kisha kikonyo hujitenga na tawi, jani likaanguka. Hayo hayahusiani na vuli. "Miti inapukutisha majani," alisema Mama. "Andikeni mnachokiona." Tukaifuta VULI, tukaandika: MAJIRA YA KUPUKUTIKA.

Kosa letu la pili lilikuwa zito zaidi. Jioni ya siku ya tatu mtoto alisoma jani lake vizuri, akafurahi, akaongeza maneno yake mwenyewe: "Bibi, boga mkubwa!" Nasi, kwa mazoea ya miaka mingi ya ubao na chaki, tukamkatiza: "Boga kubwa. Sema tena." Hakusema tena. Jioni iliyofuata, na mbili baada yake, jani liliondolewa na kaka yake, likasomwa kwa Kiingereza tu, na Mama akarudi dirishani.

Usiku ule wa tatu alituita. "Mwanangu," alisema, "muda wote niliokaa hapa, ndiyo mara ya kwanza mtoto huyu kunipa neno lake mwenyewe. Nawe umelipokonya."

Hatukulala vizuri. Asubuhi Mama mwenyewe alianza kutengeneza. Alimwita mjukuu, akamwomba amfundishe kuusoma upande wa Kiingereza. Akatamka vibaya, mtoto akacheka, akamsahihisha. Akatamka vibaya tena, wala hakuona haya. Mtoto alipoona kwamba mkubwa anaweza kukosea na asipungukiwe na kitu, naye akarudi kwenye Kiswahili chake. Siku ya boga, Mama alikataa mbegu zitupwe. Alizikaanga kwa chumvi huku akitaja kila alichoshika: kisu, kikaango, mbegu, chumvi. Tarehe 6 Novemba saa ziliporudishwa nyuma, aliuliza, "Saa hiyo moja wameipeleka wapi?" Mtoto akajitahidi kumweleza kwa lugha mbili na mikono miwili.

Jani la mwisho liliandikwa "Kushukuru". Mtoto alisimama mbele ya chakula akasema, "Mimi nashukuru Bibi amepona, na mbegu yake mzuri." Kisha akatutazama sisi. Tulinyamaza. Mama ndiye aliyejibu: "Ndiyo, mjukuu wangu, mbegu zangu nzuri."

Hatudai kwamba siku 30 zilimpa mtoto lugha. Haba na haba ndiyo hujaza kibaba. Lakini tuliporudi darasani tulikata karatasi kwa umbo la jani la mgomba, tukazihesabia siku za kufunga shule: kupanda, kupalilia, kupika, kumtembelea mzee. Kila jani lina neno moja na kazi moja. Na mwanafunzi anaposema la kwake, peni yetu nyekundu hukaa mfukoni mpaka amalize. Kisha nasi, kama Mama, tunayarudia maneno yake kwa usahihi na kuendelea na mazungumzo.